Maswali ya Wasomaji: Polisi Amekusimamisha, na Bastola Iko Kiunoni

Maswali mengi yaliyotufikia safari hii kutoka kwa wasomaji walioko Marekani yanahusu jambo moja: mtu anamiliki bastola kihalali, anaibeba chini ya nguo, kisha polisi anamsimamisha. Tumechagua machache na kuyajibu. Sheria za silaha huko hutofautiana jimbo kwa jimbo na hubadilika mara kwa mara, hivyo kabla ya kutoka nyumbani na silaha soma sheria ya jimbo lako katika tovuti ya serikali ya jimbo lenyewe, usitegemee ya kuambiwa.

*Wahariri, salaam. Naishi Louisville, Kentucky. Nilikuja kama mkimbizi kutoka Kivu na sasa nina grini kadi, ile ya ukazi wa kudumu. Bastola niliinunua dukani, nikajaza fomu na kupitishwa. Natoka kazini saa nane za usiku. Polisi akinisimamisha, nimwambie papo hapo kwamba nina silaha, au ningoje aniulize?*

Ndugu yetu, Kentucky haikulazimishi kusema kabla hujaulizwa. Tangu Juni 2019 jimbo hilo linamruhusu mtu wa miaka 21 na kuendelea, asiye na kizuizi cha kisheria, kubeba bastola iliyofichwa hata bila kibali, na sheria haimtaki aanze yeye kumtaarifu polisi. Lakini watu wetu wengi huteleza hapa: mtu hukariri sheria ya jimbo analoishi, kisha akasafiri nayo kwenda harusini au msibani jimbo la tatu.

Michigan, kwa mfano, inamtaka mwenye kibali aseme mara tu anaposimamishwa, bila kungoja swali, hata kama bastola iko garini na si mwilini. Akikaa kimya, kosa la kwanza ni faini ya dola 500 na kibali kusimamishwa miezi sita. Akirudia ndani ya miaka mitatu ni dola 1,000, na kibali kinafutwa. North Carolina, Nebraska, Louisiana na Alaska nazo zinataka useme mwenyewe. Minnesota na Illinois zinataka useme polisi akikuuliza. Ohio ilikuwa katika kundi la Michigan hadi Juni 2022. Tangu tarehe 13 ya mwezi huo unawajibika kusema pale unapoulizwa, na kuficha ukiulizwa ni kosa la jinai. Texas ina utaratibu wake: mwenye kibali aliyebeba silaha, polisi akimwomba kitambulisho, anatoa kitambulisho na kibali kwa pamoja.

Kisheria, basi, Kentucky unaweza kunyamaza. Je, ni busara? Wapo mawakili wanaoshauri usilitaje jambo ambalo hukuulizwa, na hoja yao ina uzito: kusimamishwa kwa taa ya nyuma iliyokufa kunaweza kugeuka jambo kubwa kwa neno moja. Sisi tunaona hivi. Kama hati zako zote ziko tayari mkononi, bastola imefunikwa vizuri na huna sababu ya kushuka, kunyamaza kunafaa. Ila ukiambiwa ushuke, au ukilazimika kupeleka mkono upande ule bastola iliko, au shati limepanda na kitako cha bastola kinachungulia, sema kabla hujasogea hata kidole. Afadhali asikie kwa mdomo wako kuliko aone kwa tochi yake. Na ukiulizwa, popote ulipo, usidanganye.

Jambo jingine la kujua: katika baadhi ya majimbo, Ohio likiwemo, polisi akiingiza namba zako kwenye kompyuta anaona kwamba una kibali. Huenda anajua kabla hajafika dirishani, na anangoja kuona wewe utalishughulikia vipi.

*Naomba mnipe hatua kwa hatua. Kuanzia taa za bluu na nyekundu zinapowaka nyuma yangu hadi anaponiachia. Mimi huogopa sana na Kiingereza hunipotea.*

Maandalizi hufanyika nyumbani, kabla ya taa yoyote kuwaka. Panga hati mbali na silaha. Huu ndio ushauri tunaoupa uzito kuliko mwingine wote, kwa sababu hatari kubwa huzaliwa hapo: polisi anakuomba leseni, leseni iko kwenye pochi, pochi iko mfuko wa nyuma wa kulia, na bastola iko kiunoni upande huohuo wa kulia. Unafanya alichokuagiza, yeye anaona mkono unateremka kuelekea kwenye silaha.

Hamisha pochi iende mfuko wa mbele wa kushoto au mfuko wa shati. Kadi ya gari na bima zibane kwenye kizuia jua cha juu ya usukani. Usiziweke kwenye kidroo cha dashibodi kama bastola hulala humo, hata siku moja. Kama una grini kadi, iweke pamoja na leseni, maana sheria ya shirikisho inamtaka mkazi wa kudumu mwenye miaka 18 na zaidi awe nayo kila aendako.

Taa zikiwaka, washa indiketa ya kulia, punguza mwendo, tafuta mahali penye nafasi na mwanga. Kama ni mbali kidogo, washa hazadi ili ajue umemwona. Simama, zima gari, teremsha kioo chako chote, na kama vioo vya nyuma ni vyeusi viteremshe pia. Usiku washa taa ya ndani. Kisha weka mikono yote miwili juu ya usukani, vidole wazi, na iache hapo. Usianze kutafuta hati wakati yeye bado yuko nyuma kwenye gari lake. Anachokiona kutoka huko ni mabega yako yakihangaika na kichwa kikiinama, na mtu anayeficha kitu huonekana hivyohivyo.

Sasa mkanda. Magari ya Marekani usukani uko kushoto, kwa hiyo kitufe cha kufungulia mkanda kiko ubavuni mwako wa kulia, sentimita chache tu kutoka kwenye kitako cha bastola kwa mtu anayebeba upande wa kulia. Watu hufungua mkanda bila kufikiri, na mkono ukishuka pale polisi hana namna ya kujua unafuata kitufe au unafuata silaha. Uache umefungwa. Akikuagiza ushuke, mwambie mkanda uko karibu na silaha, umuulize kama ufungue mwenyewe. Wengine watakuambia fungua kwa mkono wa kushoto polepole, wengine wataingiza mkono wao wakufungulie.

Ukifika wakati wa kusema, usianze na neno “gun”. Likitamkwa peke yake, hasa kwa lafudhi na kwenye kelele za barabara kuu, polisi mwenzake aliyeko upande wa pili wa gari anaweza kulisikia hilo tu na kulichukua kama onyo. Kwa kuwa Kiingereza hukupotea, kariri sentensi hii neno kwa neno na uitamke polepole, mikono ikiwa usukanini: “Officer, I am legally carrying. It is on my right hip. How would you like me to proceed?” Maana yake ni kwamba umebeba silaha kihalali, iko nyonga ya kulia, na unamuuliza akuelekeze. Badilisha mahali kulingana na ilipo. Ifanyie mazoezi kwa sauti ukiwa umekaa garini kwako, gari limezimwa na bastola haipo, hadi itoke bila kutafutwa.

Baada ya hapo wewe husogei mpaka aseme. Usiielekeze bastola kwa kidole. Usiiguse kumwonyesha kwamba ni salama. Akiomba leseni, mtangazie unachotaka kufanya kabla ya kukifanya: leseni iko mfuko wa mbele wa kushoto, nachukua kwa mkono wa kushoto. Ngoja akubali. Toa. Rudisha mkono usukanini.

Wakiwa wawili, wakati mwingine mmoja anasema “toa leseni” na mwenzake anapaza sauti “usisogee”. Fuata lile la kutosogea. Kaa vilevile na sema kwa sauti kwamba umeambiwa mambo mawili tofauti, wakuambie lipi ufanye. Hakuna aliyepigwa faini kwa kuchelewa sekunde kumi kutoa leseni.

Simu iache kwenye kishikizo chake. Kama unataka kurekodi, na una haki hiyo, iwashe kabla hajafika dirishani na uiache. Kitu cheusi kinachonyanyuliwa gizani hakina tofauti kubwa na silaha machoni mwa mtu mwenye wasiwasi.

*Philando Castile wa Minnesota alisema ukweli kwamba ana silaha na bado akauawa. Sasa kusema kuna faida gani kwa mtu mweusi?*

Swali hili linauma, na tunalijibu kwa heshima ya marehemu. Tarehe 6 Julai 2016, huko Falcon Heights, Castile alikuwa garini na mchumba wake na mtoto wa miaka minne. Alikuwa na kibali. Aliombwa leseni na bima. Akatoa bima, kisha akamwambia polisi kwa adabu kwamba ana silaha. Polisi akamwambia asiifikie, asiitoe. Castile akajibu kwamba haitoi. Ndani ya sekunde chache polisi alifyatua risasi saba. Mchumba wake alisema alikuwa anafuata pochi yenye leseni. Polisi huyo alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, na Juni 2017 baraza la mahakama likamwachia huru.

Hatusemi kwamba Castile alikosea. Minnesota haikumlazimisha kusema kabla ya kuulizwa. Alisema kwa wema wake. Aliyefyatua ndiye aliyefyatua. Na hakuna utaratibu wa mikono unaoweza kumwahidi mtu mweusi Marekani kwamba atafika nyumbani. Tungekuwa tunawadanganya tukisema upo.

Ila video ya gari la polisi inaonyesha kitu ambacho kila anayebeba silaha anapaswa kukitazama kwa makini. Maagizo mawili yalikuwa hewani kwa wakati mmoja: toa leseni, na usiifikie silaha. Leseni na silaha zilipokuwa mwilini mwa mtu mmoja, kutekeleza la kwanza kulionekana kama kuvunja la pili. Ndiyo maana tunasisitiza hati zikae juu ya kizuia jua au mfuko wa mbali, na ndiyo maana ile sentensi inaishia na swali. Ukishasema una silaha, agizo la leseni lililotangulia lichukue kuwa limesimama hadi alitoe upya. Kinachosogea kiwe mdomo tu.

*Mimi ni muuguzi msaidizi, Fort Worth, Texas, zamu za usiku. Bastola naiweka kwenye mkoba wangu pamoja na pochi, simu na kila kitu. Nina kibali. Kuna shida?*

Dada, shida ipo, na ni ileile: polisi akiomba leseni utafungua mkoba wenye silaha mbele ya uso wake. Hata akitazama kwa nia njema, ataona mkono umezama ndani ya mfuko wenye bastola.

Kuna mikoba iliyotengenezwa kwa kazi hii, yenye chumba cha pembeni kinachojitegemea na ala ya bastola iliyoshonewa humo. Hiyo ni nafuu, mradi leseni na kibali zisikae kwenye mkoba huo. Nunua kipochi kidogo cha kadi, kiweke mlangoni mwa gari au kwenye koti la kazi. Na bastola isiwe huru ndani ya mkoba kati ya funguo na kalamu. Ala inayofunika kifyatulio chote ni lazima, maana kalamu ikiingia pale, risasi inatoka.

Kama mkoba uko kiti cha abiria, uache hapohapo. Kuusogeza nyuma wakati polisi anakuja ni kosa linalofanywa sana. Mwambie: kibali hiki hapa, silaha iko ndani ya mkoba ule, mimi siugusi. Texas inataka utoe kibali pamoja na leseni, kwa hiyo taarifa hiyo inakuja kwa wakati wake bila kukatiza mazungumzo.

Kuhusu kazini: mwajiri anaweza kukukataza kuingia nayo, na hospitali na nyumba za kulelea wagonjwa zina masharti makali. Soma mkataba na mabango ya mlangoni kabla ya zamu ya kwanza.

*Polisi akitaka kuichukua bastola yangu, nikubali? Na kama haniridhishi jinsi anavyoishika?*

Mpe nafasi aichukue. Texas, kwa mfano, inamruhusu polisi kuichukua akiona kwa sababu za msingi kwamba ni lazima kwa usalama wako, wake au wa wengine, na inamtaka airudishe kabla hajakuruhusu uondoke kama hukuvunja sheria na hukamatwi. Barabarani si mahali pa kubishania kifungu. Ukiona umeonewa, andika namba ya gari lake, saa na mahali baada ya kuondoka, umpelekee wakili.

Tunachokushauri ukatae kwa upole ni kuitoa wewe. Akisema “nipe hiyo bastola”, mwambie ungependa aichukue yeye mwenyewe wakati umeinua mikono, au ushuke ili aifikie kwa urahisi. Wengi hufurahi kusikia hivyo. Mweleze mambo matatu tu: iko wapi, imekaa kwenye ala ya aina gani, na kama kuna risasi ndani ya chemba, yaani pale inapokaa risasi iliyo tayari kufyatuliwa. Aina ya ala ina maana, kwa sababu zipo zenye kitufe cha kubonyeza kabla bastola haijatoka, na asiyejua atavuta kwa nguvu huku kidole kinatafuta pa kushika.

Baadhi ya polisi wamezoea bastola moja tu, ile ya kazini. Akipata aina asiyoijua anaweza kuondoa magazini, yaani kasha la risasi, akadhani imeisha, kumbe risasi moja bado iko kwenye chemba. Usimsogelee wala kunyoosha mkono kusaidia. Mwambie kwa maneno kwamba chemba ina risasi, na usimame pasipoelekewa na mtutu. Huenda akasoma namba ya silaha kwa redio kuhakikisha haikuibwa.

Akikurudishia, mara nyingi itakuwa tupu, magazini kando na risasi zimetolewa. Pengine ataiweka kwenye buti au kiti cha nyuma na kukuambia usiiguse hadi aondoke. Usianze kuijaza mbele yake. Endesha hadi mahali salama, ndipo uikague: magazini, chemba, idadi ya risasi, kisha uirudishe kwenye ala. Kuna watu wameendesha wiki nzima na bastola isiyo na kitu wakidhani imejaa.

*Kaka yangu ana viza ya mwanafunzi, na mimi ombi langu la hifadhi bado linasubiri. Majimbo mengi siku hizi hayadai kibali. Tunaweza kubeba?*

Hapana, na tafadhali mlichukue jibu hili kwa uzito. Ni kweli kwamba kufikia 2024 majimbo 29 yalikuwa yameacha kudai kibali. Lakini juu ya majimbo iko sheria ya shirikisho, nayo inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo, utalii au kazi, kumiliki silaha au hata risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama ya mwenye leseni halali ya uwindaji. Inamkataza pia asiye na hadhi halali nchini. Anayesubiri uamuzi wa hifadhi asiguse silaha kabla hajazungumza na wakili wa uhamiaji. Mwenye grini kadi, mkimbizi aliyepokelewa rasmi na aliyekwisha kukubaliwa hifadhi hawamo kwenye katazo hilo la viza za muda.

Hata mwenye grini kadi hajasalimika. Sheria ya uhamiaji inahesabu hukumu ya kosa la silaha, kununua, kumiliki au kubeba kinyume cha sheria, kuwa sababu ya kufukuzwa nchini, na haisemi lazima liwe kosa kubwa. Kosa ambalo mzaliwa wa Marekani angelimaliza kwa faini na kurudi nyumbani linaweza kumfikisha mwenzetu mbele ya hakimu wa uhamiaji. Kwa hiyo ukishtakiwa kwa jambo lolote la silaha, usikubali kukiri kosa ili kesi iishe haraka kabla wakili wa uhamiaji hajaisoma. Mwambie wakili wa jinai tangu siku ya kwanza kwamba wewe si raia.

*Nina leseni ya bastola Nairobi, nimepitia bodi ya leseni na nina cheti. Nikija Dallas kumtembelea dada yangu, itanifaa?*

Haitakufaa kabisa. Hakuna jimbo linalotambua leseni ya Kenya, na kwa viza ya matembezi uko ndani ya katazo tulilolieleza hapo juu. Iache bastola nyumbani kwa utaratibu wa leseni yako. Na ukiwa kwa dada yako, usibebe yake hata kwa dakika moja.

*Mimi ni dereva wa lori, makao Ohio. Leo niko Indiana, kesho Illinois, keshokutwa New Jersey. Nifanyeje na bastola yangu?*

Ohio kwenda Indiana ni nyepesi. Illinois haikubali kibali cha Ohio kwa kutembea nayo mwilini, na New Jersey haitambui kibali cha jimbo lolote. New Jersey pia ina masharti makali juu ya risasi zenye tundu kwenye ncha, ambazo Ohio unazikuta dukani kama kawaida.

Iko sheria ya shirikisho inayomlinda msafiri anayepita jimbo gumu, kwa masharti: ni halali kwako kuwa nayo unakotoka na unakokwenda, haina risasi, na wewe huwezi kuifikia wala kuzifikia risasi kutoka ulipokaa. Kichwa cha lori hakina buti, kwa hiyo lazima iwe kwenye kasha lililofungwa kwa kufuli, na kidroo cha dashibodi hakihesabiki hata kikiwa na ufunguo.

Ulinzi huo ni wa kupita. Ukishusha mzigo New Jersey, hapo ndipo unakokwenda, na unakokwenda huna haki ya kubeba. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa inayosimamia New Jersey iliamua kwamba abiria aliyekosa ndege Newark, akachukua begi lake lenye bastola na kulala nalo hotelini, hakulindwa na sheria hiyo, kwa sababu usiku ule silaha ilikuwa mahali anapoweza kuifikia. Dereva anayelala kichwani mwa lori alifikirie hilo. Ushauri wetu kwa njia za New Jersey na New York: bastola ibaki nyumbani. Na soma kanuni za kampuni yako, kwani nyingi hukataza silaha kwenye lori hata pale sheria inaporuhusu.

Ukiwa na kibali cha jimbo lako usiache kukihuisha eti jimbo limefuta ulazima wake. Sheria ya shirikisho inakataza silaha ndani ya futi 1,000 za shule, na msamaha wake kwa anayebeba ni wa mwenye kibali kilichotolewa na jimbo lenyewe ilipo shule hiyo. Asiye na kibali anayepita mtaani na bastola iliyojaa anaweza kuvuka maeneo ya shule tatu kabla hajafika sokoni.

*Bia moja tu kwenye sherehe, kisha naendesha kurudi nyumbani na bastola. Kuna tatizo?*

Lipo. Kiwango cha pombe kwenye damu ya dereva katika majimbo karibu yote ni asilimia 0.08, lakini kwa aliyebeba silaha Michigan inaanzia 0.02, na kwa kubeba tu umekubali kupimwa. Minnesota ni 0.04. Kwa mtu mwembamba, bia moja inaweza kumfikisha kwenye 0.02. Siku ya sherehe iache kwenye sefu.

*Nina duka Columbus. Ikitokea nimelazimika kujilinda, polisi watakuta mimi ndiye nimeshika bastola. Nitajinusuru vipi?*

Polisi wanaofika hawajui nani mwenye duka na nani mwizi. Wameambiwa kuna mtu mwenye silaha, na wa kwanza watakayemwona nayo ndiye huyo.

Kwa hiyo piga 911, namba ya dharura, wewe mwenyewe, mara tu hatari ikipungua, hata kama majirani wamepiga. Toa anwani kwanza, kabla ya maelezo, ili hata simu ikikatika wajue pa kuja. Sema umeshambuliwa, kuna aliyejeruhiwa, leteni ambulensi. Kisha jieleze ulivyo: mwanamume mweusi, shati jeupe, niko nyuma ya kaunta, mimi ndiye mwenye duka. Kama kuna mfanyakazi mwenzako, naye mtaje na nguo zake. Usikate simu hadi uambiwe. Zinarekodiwa, kwa hiyo usianze kusimulia tukio zima kwa hasira.

Kabla hawajaingia, bastola irudi kwenye ala. Kama hatari bado ipo na huwezi kuiweka, mwambie wa 911 hivyo, na ukisikia sauti ya polisi iachie mara moja. Usigeuke ukiwa umeishika. Mtu akiitwa kwa ghafla hugeuka na mtutu hugeuka naye. Onyesha viganja vitupu, tii amri, na utarajie pingu na kulazwa chini. Si ishara kwamba wamekuona mhalifu, ni namna wanavyotuliza mahali.

Wakikuuliza, sema machache: huyu alinishambulia, silaha yake ile pale, shahidi ni yule, kamera ziko pale juu. Kuonyesha ushahidi mapema ni muhimu kwa sababu ganda la risasi hukanyagwa na shahidi huondoka zake. Kisha sema utashirikiana nao kikamilifu ukiwa na wakili, na uombe mkalimani wa Kiswahili hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Moyo ukiwa unakwenda mbio, mtu hukosea umbali, muda na idadi ya risasi, na kosa hilo likiandikwa kwenye maelezo baadaye linasomwa mahakamani kama uongo. Bastola yako itachukuliwa kama ushahidi. Omba stakabadhi yenye namba yake, kwa sababu bila hiyo kuirudisha baada ya kesi ni kazi ya miezi.